Mstari wa Kumi

Mstari wa kwanza niliushona mwaka ule wa mvua,
mto Manafwa ulipobeba daraja,
naye akaja barazani kwangu na lake,
mkanda mweusi umekunjwa ndani ya gazeti kama samaki.
"Mama Kisolo, nimepanda."
Nikamuuliza nani kampandisha.
"Japani," akasema, akielekeza kidevu huko Wanale,
kana kwamba Japani iko nyuma ya maporomoko.

Elfu tatu. Mstari ni mstari.
Mimi hushona nembo za shule, vyeo vya maskauti,
hata msalaba wa askofu niliushona,
na hakuna aliyeniuliza kama namjua Mungu.

Wa pili ulikuja na cheti.
Muhuri mwekundu, duara, herufi za huko
zimetapakaa kama nyayo za kuku kwenye matope.
Wepukhulu, mchonga mihuri, anakaa baraza la pili,
huchonga kwa wembe na kandambili kuukuu.
Kandambili yangu ya kushoto ilipotea wiki ile.

Wa tatu. Wa nne. Wa tano baada ya Krismasi.
Wa sita na wa saba aliitaka pamoja, upesi,
kuna mgeni anapanda kutoka Kampala.
Mgeni hakuja. Mistari ikabaki.

Kwetu Bugisu mwanamume hapewi cheo kwa posta.
Husimama uani mchana, uso umepakwa unga wa kimea,
ukoo mzima umekodolea kope zake,
na akipepesa, wajukuu wataambiwa.
Wolimbwa mwenyewe alisimama hivyo.
Nilikuwepo, nilipiga vigelegele. Hakupepesa.
Basi mtu wa namna hiyo
anatafuta nini kwenye uzi wangu?

Nisimwonee, lakini. Kuna jambo la Kisolo.
Miaka mitatu mwanangu alifundishwa kuanguka tu,
kwenye mikeka ya lile ghala la zamani la kahawa:
kuanguka mbele, kuanguka nyuma, kidevu kifuani,
kiganja kipige chini kabla ya mgongo.
Nikanung'unika, ada ya nini?
Kuanguka hata mlevi anajua.
Mpaka siku bodaboda ilipomrusha pale mnara wa saa.
Akabiringika, akasimama, akatafuta kiatu.
Dereva hadi leo anatembelea gongo.

Kwa hiyo usiniulize kama ni mwongo.
Mimi najua tu mshono ulioshika
na kiraka kilichopachikwa,
na nimeviona vyote viwili kwenye koti moja.

Jana alileta mkanda tena.
Mistari tisa, ncha imebaki upana wa kucha.
"Wa kumi," alisema, polepole. Japani hakuitaja.
Mguu wangu ukasimama juu ya pedali.
"Nani amekupandisha, mwalimu?"
Akatazama cherehani.
Akatazama kidole changu chenye subana.
Jibu likatufikia sote kwa pamoja:
mimi. Miaka yote hii, mimi,
nisiyejua hata ngumi ikikunjwa
kidole gumba kinakaa wapi.

Nikamwambia nafasi imekwisha.
"Na kufumua," akauliza, "ni bei gani?"
Kufumua bure, nikasema. Ila matundu hayazibiki.

Akauacha. Unaning'inia hapa kati ya sare za shule,
wateja wanauliza ni wa nani, nasema wa mtu.

Leo asubuhi nimepita ghalani kwa makusudi, kikapu mkononi
kana kwamba naenda sokoni.
Amejifunga kamba ya katani, ile ya magunia.
Watoto wameinama mbele yake vilevile,
na yeye amepiga magoti kando ya kibonge mmoja
anamwonyesha namna ya kuanguka.
Kidevu cha mtoto kikainuka, kichwa kikagonga mkeka.
"Tena," akasema.